Tulivyopitisha Maji Chini ya Reli

Watu wakiniuliza ni siku gani nilifurahi kuliko zote katika kazi yangu, wengi wanadhani nitataja siku ya kustaafu. Hapana, wanangu! Siku ya kustaafu nililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na koti la kazi nikakataa kulirudisha. Ninalo hadi leo, navaa nikipalilia mboga zangu za lenga-lenga. Siku yangu ya furaha ni nyingine kabisa, na nikiisimulia damu bado inanichemka. Kaeni basi niwasimulie, ninyi mnaojifunza kazi ya maji sasa hivi, wenye mashine za kuunganisha tiyo, yaani mabomba ya maji, kwa moto na simu zinazowaonyesha maji yanavyopanda ndani ya tangi.

Naitwa Mama Zaina. Nilizaliwa Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, katika nyumba ya fundi cherehani ambaye wazee wake walitoka Maniema. Baba alitaka nishone kama yeye. Nilijaribu. Nikashona suruali ambayo mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, mteja akarudi nayo mkononi, na baba akaniambia kwa upole, "Binti yangu, tafuta kazi ya kitu kisichovaliwa." Nikatafuta, nikapata tiyo za maji. Nikaingia katika kikosi cha kulaza na kutengeneza mabomba ya mji, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Wiki ya kwanza walinicheka. Wiki ya pili wakaona sichoki kuchimba, wakaanza kuniachia sepetu yenye mpini mzuri.

Mwalimu wangu aliitwa Papa Kasongo, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuwa mkuu wa kikosi. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kufunga vali polepole. Maji yanayokimbia ndani ya tiyo ni mazito kama lori. Ukiyafungia mlango ghafla, yanapiga. Mwenzetu mmoja alilidharau hilo. Alikuwa na njaa, harufu ya tomsoni, wale samaki wa kukaanga, ilikuwa inamwita, akafunga vali kama anayefunga mlango wa kabati. Tiyo ikapasuka nyuma ya baa moja ya Kamalondo, Jumapili mchana, bendi ikiwa jukwaani. Mpiga gitaa alilowa kichwa hadi viatu lakini hakuacha kupiga. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakashangilia na kutuma bia mbele. Papa Kasongo hakushangilia. Mwenzetu yule alifunga na kufungua vali siku nzima ya kesho yake, polepole, mbele yetu sote, hadi mkono ukajifunza.

Jambo la pili alinifundisha kwenye barabara ya Kipushi. Tulitaka kupitisha bomba la chuma chini ya barabara bila kuikata. Kazi hiyo inafanywa hivi: unachimba shimo upande huu na shimo upande ule. Unalaza bomba la chuma chini ya shimo la kwanza, unaweka kriki, ile jeki ya kuinulia malori, kati ya kitako cha bomba na ukuta wa shimo ulioimarishwa kwa mbao. Unasukuma. Bomba linaingia ardhini kidogo kidogo, nawe unachokoa udongo unaojaa ndani yake. Likishatokea upande wa pili, linakuwa kama ala, na ndani yake unapitisha tiyo ya maji. Siku ile vijana walikuwa na haraka, wakasukuma bila kupima. Bomba likapinda chini kwa chini, na badala ya kutokea ndani ya shimo, likachomoza katikati ya zizi la mbuzi la mzee mmoja. Mbuzi wakalitazama bomba. Sisi tukatazamana. Papa Kasongo akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake cha Kipushi:

"Ardhi haionekane, batoto. Sukuma kidogo, safisha, pima. Tena sukuma kidogo, safisha, pima. Ukikuwa na hasira, enda kwanza kunywa munkoyo."

Sikujua wakati ule kwamba maneno hayo, pamoja na ile togwa ya mahindi tunayoiita munkoyo, yangenisaidia miaka mingi baadaye, kwenye kazi ambayo hata yeye hakuwahi kuifanya.

Sasa njooni Kenya. Siyo ile nchi, ni komini yetu, kata ya hapa Lubumbashi, yenye masoko, gereji na makanisa yaliyobanana hadi nyimbo za kanisa hili zinaitikiwa na kanisa lile. Miaka yangu ya mwisho ya kazi niliifanya huko. Mradi fulani ulikuja ukachimba foraji, yaani kisima kirefu cha mashine, ukaweka pampu chini, ukajenga mnara wenye tangi juu, na robine za umma, yaani koki za kuchotea maji, kwenye pembe za barabara. Kisha wenye mradi wakaaga, wakaenda. Kilichobaki kikawa mali ya ushirika wa watumiaji wa maji. Hakikuwa mali ya shefu wa mtaa, wala ya mfanyabiashara, wala ya padri. Ukinunua ndoo unalipa kidogo. Kidogo hicho kinalipa umeme, wamama wanaouza robineni, na fundi, yaani mimi. Kinachosalia kinaingia kwenye mfuko wa ushirika kwa ajili ya siku pampu itakapokufa. Maana pampu itakufa. Tangu dakika unayoishusha kisimani, inaelekea kufa, na mtandao usioweka akiba ya pampu unangoja msiba wake.

Rais wa ushirika alikuwa Papa Mutombo, muuza misumari, saruji, rangi na tiyo, mtu wa asili ya Kasai, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata Jumatatu ya mvua. Mfuko ule aliulinda kama jicho. Wengine walimwita bahili. Mimi sikumwita hivyo, kwa sababu nilijua. Mwanzoni kabisa mwa mtandao, viongozi wa kwanza walikuwa wanakopeshana ile pesa. Pampu ikaungua, mfuko ukawa mtupu, mtaa ukarudi kwenye visima vifupi vya nyuma ya vyoo. Kipindupindu kikaingia. Mke wa Papa Mutombo, Mama Ngalula, alikuwa miongoni mwa waliozikwa. Baada ya matanga alisimama katika mkutano, akaomba mwenyewe kuwa rais, na watu wakamkubali bila neno.

Upande wa pili wa reli kulikuwa na mtaa mpya. Nyumba za matofali mabichi, watu waliotoka huku na kule kutafuta maisha, na hakuna robine hata moja. Wamama wa huko walikuwa wanavuka reli na bidoni, yale madumu ya maji, kichwani kuja kununua maji kwetu. Kati yao alikuwapo Mama Vero, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa akiuza unga wa bukari, yaani wa ugali, sokoni. Siku moja nilikuwa nabadilisha mpira wa robine, nikasikia honi ya treni na kelele. Mkwe wa Mama Vero, mke wa mwanawe, alikuwa ameteleza kwenye kokoto za reli, na bidoni yake. Wenzake walimvuta kwa kitenge. Bidoni ikabaki katikati, na treni ya kubeba shaba ikaipasua, maji yakaruka juu kama chemchemi. Yule binti aliketi chini kando ya reli. Mama Vero hakucheka siku hiyo. Aliniangalia tu, akasema:

"Mama Zaina, tiyo haiwezi kuvuka reli?"

"Inaweza," nikamjibu. "Kama wenye tiyo watakubali."

"Wenye tiyo ni banani?"

Swali hilo nililibeba hadi mkutano mkuu.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika uwanja wa shule ya msingi. Mfuko ulikuwa umenenepa, na kila mtu alikuwa na wazo lake. Wengine walitaka bei ya ndoo ishushwe. Wengine walitaka ofisi yenye vigae. Ndipo Mama Vero akasimama kule nyuma. Mtu mmoja akapaza sauti, "Weye hauko wa huku! Keti!"

Hakuketi.

"Njo, miye niko wa ng'ambo ya reli," akasema. "Lakini musinione mugeni. Tangu hizi robine zinafunguliwa, nanunua mayi hapa kila siku. Na bamama bote ba kule, vile vile. Munatuuzia, tunalipa. Kuna mwenye anaweza kusema hatulipake?"

Akageuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Basi ile mufuko munaita ya kwenu iko na jasho yetu pia ndani. Shiye hatuombe. Tunauliza tu: mali yetu itafanya kazi gani?"

Jamani! Uwanja ulilipuka. Kuna waliopiga makofi, kuna waliopiga kelele, kuna waliogeukiana na kuanza kubishana wao kwa wao kama vile wasemaji wamekwisha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na meza. Nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote, na sijawahi kusikia mtu akieleza kwa maneno machache hivyo mtandao wa umma ni mali ya nani.

Papa Mutombo alisubiri watulie. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu yake niliiona kwenye vidole vilivyoshika meza.

"Mama Vero, unasema kweli. Sitakatala kweli. Lakini tukiweka falanga yote mu tiyo, na kesho yake pompi inakufa? Miye nilishazika muntu juu ya mufuko wa bule. Weye utamuzika nani?"

Mama Vero akamjibu polepole, kwa adabu, kama anavyojibiwa mfiwa:

"Papa, ile wakati pompi ilikufa, na shiye tulizika. Hamukujua tu, juu tulikuwa ng'ambo."

Papa Mutombo akainamisha kichwa. Kisha akasema tupige kura kwa miguu. Wanaotaka tiyo ivuke reli waende kwenye ukuta wa darasa, wasiotaka wabaki upande wa lango. Mwanzoni walikwenda wachache. Halafu muuza makaa mmoja akavuka. Halafu wamama watatu wakishikana mikono. Halafu uwanja mzima ukaanza kutembea, vumbi jekundu likapanda, na upande wa lango wakabaki wabishi wachache waliokuwa wanachungulia saa zao. Papa Mutombo alibaki katikati, peke yake, hajaenda huku wala kule.

"Nimeshindwa," akasema. "Basi tufanye muzuri. Nusu ya mufuko inakwenda mu tiyo. Nusu haiguswe. Kuchimba, tutachimba shiye benyewe. Na tiyo nitauzisha kwa bei ile ile nanunuaka, sitaki faida."

Hapo ndipo nilipokubali kwamba huyu alikuwa rais kweli.

Ruhusa ya kupita chini ya reli tuliipata baada ya kwenda na kurudi hadi viatu vikaisha soli. Wenye reli walitupa msimamizi wao, Papa Ngoie, mtu mkimya mwenye bendera nyekundu kwapani. Sheria yake ilikuwa moja: akiinua bendera, kila mtu atoke shimoni, treni ipite kwanza. Na tuta la reli likizama hata kidogo, kazi imekwisha.

Tukachimba. Ee, wanangu, mngeona! Mtaro uliotoka kwenye mnara hadi relini ulichimbwa na watu wa barabara zote, kila barabara kipande chake, na kila barabara ikijigamba kuwa mtaro wake umenyooka kuliko wa jirani. Ng'ambo nako walichimba wa kwao kuja kukutana nasi. Wamama walipika bukari na sombe, kile kisamvu chetu, pande zote mbili. Kisha nikashuka shimoni na kriki, na nivo yangu, kile chombo chenye tone la hewa kinachosema kama kitu kimelala sawa. Sukuma kidogo, safisha, pima. Treni ilipokuja, Papa Ngoie aliinua bendera, tukapanda juu, ardhi ikatetemeka, mabehewa ya shaba yakapita yakilalamika, tukashuka tena.

Tulikuwa tumefika kama katikati ya tuta wakati bomba lilipogoma. Kriki ililia, mbao za ukutani zikapasuka, bomba halikusogea. Nikachokoa kwa fimbo ndefu, nikasikia kengele: chuma kwa chuma. Papa Ngoie akashuka, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Ni taruma la zamani," akasema. Yale mataruma ya chuma yanayolala chini ya reli. Lilizikwa wakati tuta linainuliwa, zamani sana, nalo lilikuwa limejilaza mbele yetu kama ng'ombe barabarani.

Hatukuwa na bomba lingine, na pesa za kazi zilikuwa zimefika mwisho. Njia ilikuwa moja: kulichomoa bomba lile lote, kuziba tundu, na kuanza upya chini zaidi. Kuchomoa bomba lililobanwa na udongo ni kazi ngumu kuliko kulisukuma. Muuza mchanga mmoja akaleta lori lake, tukafunga mnyororo. Magurudumu yakazunguka mahali pamoja, yakachimba mashimo, lori likazama hadi tumboni. Watu wakaanza kuondoka. Mmoja wa wale wabishi wa langoni akasema tulionywa.

Nikaketi ukingoni mwa shimo. Sikujua nifanye nini. Ndipo Mama Vero akavuka reli, akiwa na kamba nene ya meli za ziwani aliyoiazima kwa wauza samaki, akaifunga kwenye mnyororo, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akashika.

"Muko naangalia nini?" akawauliza waliokuwa wanaondoka. "Kuyeni muvute!"

Wakarudi. Wakashika wa kwetu, wakashika wa ng'ambo. Wabishi wa langoni nao wakashika, maana hakuna mtu anayeweza kusimama na mikono mfukoni akitazama kamba inavutwa. Nikageuka, nikamwona Papa Mutombo, suruali yake ya pasi, viatu vyake vya kung'aa, ameshika kamba nyuma ya fundi gereji aliyejaa grisi. Mtu akaanzisha wimbo. Tukavuta kwa wimbo. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ardhi ikatoa mlio kama chupa inayofunguliwa, bomba likaruka nyuma kwa ghafla, na sote, wa huku na wa ng'ambo, tukaanguka chali juu ya wenzetu, tukicheka hadi machozi. Papa Mutombo alikuwa chini kabisa. Alipoinuka, suruali ilikuwa na ramani ya grisi mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Papa Ngoie hakucheka. "Siache tundu bule chini ya treni," akasema. "Muzibe na saruji, leo leo."

Saruji haikuwa kwenye hesabu yetu. Nikamtazama Papa Mutombo, naye akatazama kando. Kisha akaita pikipiki, akapotea, akarudi na mkokoteni uliojaa mifuko.

"Hii haiko ya ushirika," akanong'ona kwangu. "Usiseme ku mukutano. Batazoea."

Tukaziba. Tukashuka chini zaidi, tukalaza bomba upya. Safari hii sikuruhusu mtu yeyote kuharakisha. Nilipima hadi wakanichoka. Sukuma kidogo, safisha, pima. Kulipokuwa na hasira, niliwatuma wakanywe munkoyo. Na alasiri moja, jua likiwa bado juu, kelele zikasikika kutoka ng'ambo. Wamama waliokuwa wamekaa ukingoni mwa shimo la kule waliona ukuta wa udongo unatetemeka, ukapasuka, na mdomo wa chuma ukatokea pale pale tulipokuwa tumepaka alama ya chokaa. Pale pale! Nilisafisha udongo wa mwisho kwa mikono yangu, nikapiga magoti kwenye tope, nikachungulia, nikaona mwanga wa upande wa pili, mviringo kama sarafu. Kisha mwanga ukazibwa na uso, na sauti ikaja ndani ya bomba, nzito, kama inatoka tumboni mwa dunia:

"Aloo! Mama Zaina! Kenya inanisikia?"

Alikuwa Mama Vero. Kabla sijajibu, Papa Mutombo akanisogeza kando, akapiga magoti pale pale na suruali yake, akaweka mdomo kwenye bomba, akapiga kelele:

"Tunakusikia, mama! Tayarisha bidoni!"

Hiyo ndiyo siku yangu, wanangu. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo. Watu walirukaruka juu ya udongo tuliochimba, pande zote mbili, hadi Papa Ngoie akalazimika kuinua bendera nyekundu ili tu wasipande relini.

Lakini msidhani furaha inagawa maji sawa. Tulipounganisha tiyo na kufungua, shinikizo likashuka. Barabara ya juu, iliyo mbali na mnara, ikakauka kila asubuhi, na nani anaishi barabara ya juu? Papa Mutombo. Alikuja kwangu na ndoo tupu mkononi, nywele hazijachanwa.

"Mama Zaina, nilivuta kamba hadi mugongo unaniuma, na sasa sina mayi ya kunawa uso?"

Nilicheka, naye akakunja uso, kisha akacheka. Nikaanza kugawa kwa vali: barabara ya juu asubuhi, ng'ambo baadaye, soko mchana. Kulikuwa na ugomvi, kulikuwa na matusi, kulikuwa na mtu aliyefungua vali kwa spana yake mwenyewe, tukamwita mbele ya mkutano akaomba radhi. Mtandao wa umma una wenye mali wengi, na kila mwenye mali ana mdomo. Zoeeni hilo. Msikimbie mikutano mkidhani kazi yenu ni tiyo tu. Nimeona tiyo nzuri zikiachwa kuoza kwa sababu fundi na watu hawasemeshani.

Ila wanunuzi sasa walikuwa wengi. Ng'ambo hawakuishia tena na bidoni moja moja. Walinunua ya kupikia, ya kufulia, ya matofali. Mfuko ukaanza kujaa haraka kuliko zamani. Tukaongeza tangi, tukaweka sahani za jua ili pampu isitegemee umeme unaokatika kila mara. Katika uchaguzi uliofuata, wa kwanza uliowakusanya watu wa pande zote mbili, Papa Mutombo akabaki rais, na mweka hazina akachaguliwa Mama Vero. Walibishana kila wiki. Sijawahi kuona hesabu zilizosomwa kwa sauti mbele ya watu kama zile.

Na pampu ikafa. Msimu wa joto, kabla ya mvua, wakati kila mtu ana kiu. Asubuhi nilisikia ukimya kwenye mnara, nikajua. Papa Mutombo alikuja anakimbia, mguu mmoja na kandambili, mwingine na kiatu. Sikuhitaji kumuuliza anamkumbuka nani.

"Papa, keti," Mama Vero akamwambia. "Mufuko inatosha. Nimeshatuma bantu ku mji."

Inatosha! Na ilitosha. Pampu mpya ilifika siku ile ile juu ya gari dogo. Tuliinua ile ya zamani, tukashusha mpya, mimi nikikagua kila kiungo kwa mikono kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kunidanganya. Mtaa haukurudi kwenye visima vifupi hata kwa ndoo moja.

Tulipowasha, watu wote walikimbilia robine ya karibu na mnara kuona maji. Papa Mutombo hakwenda huko. Aliniuliza, "Robine ya mwisho iko wapi?" Nikafurahi, kwa sababu hilo ni swali la fundi. Robine ya kwanza hupata maji hata mtandao ukiwa mgonjwa. Kama unataka kujua maji ni ya wote, nenda kwenye robine ya mwisho, usimame hapo, ungoje.

Tukavuka reli, yeye, Mama Vero na mimi, tukafika mwisho wa mtaa mpya. Robine ilikohoa, ikatema hewa, ikatema tope, kisha ikatoa maji meupe yenye povu ambayo yalitulia yakawa safi. Papa Mutombo akakinga kiganja, akanywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Wamama walikuwa wameshapanga foleni. Wakajaza, wakajitwika, wakaondoka. Lakini wachache hawakuingia katika nyumba za pale. Walishika njia ya udongo inayoelekea porini, wakaendelea kutembea, bidoni kichwani, hadi wakawa wadogo.

"Bale banaenda wapi?" Papa Mutombo akauliza.

"Kwabo," Mama Vero akajibu. "Nyuma ya matanuru ya matofali. Kule kuko bantu mingi, Papa. Kila siku banakuya kununua hapa."

Papa Mutombo aliwatazama hadi wakapotea nyuma ya moshi wa matanuru. Kisha akanigeukia, na nikaona uso wake umechangamka kama wa kijana.

"Mama Zaina, tangu hapa hadi kule, tiyo inaweza kufika?"

Nilikuwa nimeshaanza kutembea, nahesabu hatua.